Nyimbo 24 si ukarimu

Juma lililopita mtangazaji wa redio moja ya hapa Lubumbashi alisema hewani kwamba mtu anayelalamikia urefu wa albamu ya trap, rap ile ya kusini mwa Marekani, amezeeka masikio. Mazungumzo yalihusu Culture II ya kundi la rap la Migos, albamu ambayo tangu ilipotoka tarehe 26 Januari 2018 haijaacha kuwagawa watu: wapo wanaoiita hazina, na wapo, nikiwamo mimi, wanaoamini kwamba ndani yake imezikwa albamu nzuri sana ambayo hatukupewa. Kauli ile imenikera kwa sababu inamfunga msikilizaji mdomo kabla hajatoa hoja yake, na hoja tunayo.

Culture ya kwanza, ya Januari 2017, ilikuwa na nyimbo 13 na haikufika saa moja. Mwaka mmoja baadaye vijana walewale watatu wa jimbo la Georgia, Marekani, Quavo, Offset na Takeoff, walituletea nyimbo 24 zinazochukua takriban saa moja na dakika 46. Wahakiki wengi walisifu namna sauti zao zinavyopokezana, wakasifu na biti kadhaa, kisha karibu wote wakarudi kwenye lawama moja, yaani urefu. Wasikilizaji nao waligawanyika, lakini hilo halikuizuia albamu kuingia moja kwa moja nafasi ya kwanza ya Billboard 200, chati kuu ya albamu ya Marekani, na hapo ndipo wanaoitetea husema kwamba mjadala umekwisha.

Mimi nasema ndipo unapoanza. Tangu Desemba 2014 chati hiyo ilikuwa ikihesabu mara 1,500 za kusikilizwa mtandaoni, kwa wimbo wowote wa albamu, kuwa sawa na kuuza albamu moja. Fanya hesabu hii taratibu. Mtu anayesikiliza albamu ya nyimbo 13 mwanzo hadi mwisho anaongeza mara 13, na wanahitajika watu wapatao 116 wa namna hiyo ili ihesabiwe albamu moja. Akisikiliza ya nyimbo 24 anaongeza mara 24, na watu 63 wanatosha. Tena kwenye Spotify wimbo huhesabiwa ukishafika sekunde 30, hata ukiachwa hapohapo. Katika juma la kwanza Culture II ilipata albamu 199,000 kwa hesabu hiyo, na zilizonunuliwa kwa fedha kama albamu kamili zilikuwa 38,000 tu. Miezi michache kabla yake Chris Brown alikuwa ametoa albamu ya nyimbo 45, na katikati ya 2018 Drake akatoa yake ya nyimbo 25. Hatuwezi kuambiwa kwamba ghafla wasanii wote hawa walijawa na mengi ya kusema. Mfumo wa kuhesabu ulilipa wingi, nao wakaleta wingi.

Mpwa wangu, ambaye anazijua nyimbo hizi kuliko mimi, hunijibu kila mara, "Mjomba, wimbo usiokupendeza, bonyeza uendelee." Ni jibu linalosikika kuwa la busara, na ndilo ninalolipinga kuliko yote. Anayetoa albamu anatuambia kwamba amerekodi mengi, ameyasikiliza tena na tena, ametupa yaliyo dhaifu na kupanga yaliyobaki kwa utaratibu anaouamini. Mama anayepika maharage huyachambua mawe kabla ya kuweka sufuria motoni. Hamwachii mgeni kazi ya kuyatema mezani. Msanii anayeniambia nichague mwenyewe amenikabidhi sehemu ngumu kuliko zote ya kazi yake, sehemu inayohitaji sikio na ujasiri wa kuuacha wimbo ulioupenda usiku ulipouimba. Nami siombi ufupi kwa ajili ya ufupi, naomba mtu achague.

Hapa kwetu wingi huo una bei. Muziki wa ubora wa kawaida, kbps 128, hula karibu mega moja kila dakika, kwa hiyo kuisikiliza Culture II mara moja mtandaoni ni zaidi ya mega 100. Kijana wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayenunua mega kidogo kidogo, akipima kati ya muziki na ujumbe wa WhatsApp anaotakiwa kuwajibu nyumbani, hawezi kuzifungua nyimbo 24 ili agundue kwamba zilizomfaa ni 10. Ndiyo maana wengi huenda kwenye vibanda vya simu wakajaziwa nyimbo kwenye flashi, na ukisimama pale utawaona wakitaja moja moja: hii weka, hii weka, ile acha. Kazi ya kuchagua wanaifanya wao wakiwa wamesimama kando ya barabara, baada ya studio yenye kila kitu kuikwepa.

Wapo watakaosema kwamba sisi Wakongo hatuna haki ya kulalamikia urefu, kwa kuwa tumelelewa na nyimbo za dakika nane na albamu za CD mbili, na kwamba Koffi Olomide alitoa 13ième Apôtre ya CD nne mwaka 2015. Kuhusu CD nne sina utetezi. Hata mpenzi wa Koffi anajua kwamba hakuzihitaji zote. Lakini urefu wa rumba kwa kawaida una kazi yake. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akaeleza shida yake, sauti za pamoja zikamjibu, kisha sebene ikafunguka, gitaa la solo likachukua usukani, atalaku, yule wa kupiga kelele za kuchangamsha, akaingia, na wewe uliyekuwa umeketi ukasimama. Dakika ya saba si sawa na dakika ya pili. Katika nusu ya pili ya Culture II, besi ni ileile ya mashine ya ngoma ya 808, mwendo ni uleule, na maneno yanakatwa kwa tatu tatu vilevile, mtindo ambao mwaka 2013 ulitushtua sote na ambao sasa unarudiwa hadi sikio halishiki tena wimbo gani umekwisha na upi umeanza. Mwenda Jean Bosco aliporekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Katika dakika hizo, kwa gitaa moja, aliweka muziki ambao wapiga gitaa wa Katanga bado wanaukimbilia.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonigusa. Tarehe 1 Novemba 2022 Takeoff aliuawa kwa risasi mjini Houston akiwa na miaka 28, na tangu siku hiyo wapo wanaosema kila beti lake ni mali, hata lililo kwenye wimbo dhaifu. Nakiri kwamba siwezi kumwambia mtu aliyempenda kwamba amesikia sauti yake kupita kiasi. Lakini mimi pia nampenda. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa maneno kuliko wenzake wawili na ndiye aliyesifiwa kidogo kuliko wote, na inaniuma kwamba anayetaka kumjua leo lazima amtafute katikati ya viitikio vilivyorekodiwa kwa haraka.

Ninaandika haya pia kwa ajili ya kijana mmoja wa hapa anayeandaa albamu yake ya kwanza, ambaye aliniambia kwa fahari, "Yaya (ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa hapa), zitakuwa nyimbo 22." Analipa studio kwa kila wimbo, na umeme ukikatika katikati ya kurekodi anasubiri hadi usiku wa manane. Nimezisikia 9 kati ya hizo, na 4 ni za mtu mwenye kipaji cha kweli. Hakuna chati inayomhesabia. Hana sababu hata moja ya kuiga hesabu ya wasanii wa Atlanta, mji mkuu wa Georgia.

Na kwa anayedhani kwamba naikataa Culture II yote, mimi ningebakiza "Narcos", "Walk It Talk It", "Stir Fry", "Gang Gang", "Too Playa", "Made Men" na nyingine tano au sita ambazo niko tayari kujadiliana. "MotorSport", waliyoitoa tangu Oktoba 2017 pamoja na Nicki Minaj na Cardi B, imewekwa nafasi ya 17, baada ya zaidi ya saa nzima ya kusikiliza. Mimi ningeipeleka nafasi ya tatu.