Vanila moja, bei 29: mfumo mmoja duniani kote unaibeba biashara au unaifunga?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Nestlé ya Marekani iligundua kwamba viwanda vyake vilikuwa vinanunua vanila kwa muuzaji yule yule mmoja kwa bei 29 tofauti. Hapakuwa na wizi wowote. Kila kiwanda kilipatana bei chenyewe, kisha kikaiandika vanila kwa namba kiliyojichagulia. Kwa kuwa namba hazikufanana, hakuna mtu makao makuu aliyeweza kuzipanga bei hizo kwenye ukurasa mmoja na kuzilinganisha. Aliyekuwa anaiona picha nzima ni muuzaji peke yake, naye hakuwa na sababu ya kuitangaza. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na leja kuu (vitabu vikuu vya hesabu) tisa na sehemu 28 za kuingizia taarifa za wateja.

Kwa wanaotaka mifumo ya taarifa ioanishwe na mkakati wa biashara, sijui hoja nzito kuliko hiyo. Kampuni ikisema mkakati wake ni kununua kwa pamoja ili ipate bei ya mnunuzi mkubwa, ilhali mifumo yake haijui kwamba vanila ya kiwanda hiki na ya kile ni kitu kimoja, basi haina mkakati, ina hotuba. Na wauzaji wa bidhaa za matumizi ya kila siku, yaani sabuni, maziwa ya unga, chokoleti, nepi, wana sababu yao ya kulijali hili zaidi ya wengine. Faida ya pakiti moja ni ndogo, aina za bidhaa ni maelfu, na nyingi huharibika au hupitwa na msimu. Tofauti ya senti chache kwenye malighafi, ikizidishwa kwa mamilioni ya pakiti, inatosha kula faida ya robo mwaka.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1993 watafiti John Henderson na N. Venkatraman walichora mchoro unaotumika mpaka leo: mkakati wa biashara, mkakati wa teknolojia, mpangilio wa ndani wa kampuni na mpangilio wa ndani wa mifumo, vyote vinne vikivutana. Wengi wanaounukuu husahau kwamba haukusema teknolojia ni mtumishi siku zote. Uliacha nafasi ya teknolojia kuzaa mkakati. Ndivyo ilivyokuwa kwa Procter & Gamble na Walmart kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Taarifa za nepi zilizouzwa na zilizobaki zilianza kumfikia mtengenezaji moja kwa moja, na yeye akawa ndiye anayeamua lini apeleke mzigo mwingine, badala ya kungoja oda. Mfumo wa kompyuta uliufanya uhusiano wa wapinzani wa mezani, waliozoea kuvutana kuhusu bei, uwe wa watu wanaotazama ghala moja.

Mpaka hapo wanaounganisha wana haki yao. Tatizo linaanza pale neno "kuoanisha" linapogeuka kuwa "mfumo mmoja, utaratibu mmoja, kila mahali".

Turudi Nestlé ya Marekani. Mwaka 1997 ilianza mradi ulioitwa BEST, ukiwa chini ya Jeri Dunn, mkuu wake wa TEHAMA, wa kuweka programu za SAP, kampuni ya Kijerumani ya programu za biashara, na kuzifanya idara zote zifuate utaratibu mmoja. Kikosi cha kubuni utaratibu huo kilikuwa na viongozi wa juu wa biashara wapatao 50 na wataalamu waandamizi 10 wa TEHAMA. Waliokosekana ni wale ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa inabadilishwa. Mwanzoni mwa 2000 hali ilikuwa mbaya. Watabiri wa mauzo waliondoka kwa kiwango cha asilimia 77; waliobaki walizirudia lahajedwali zao za zamani. Mwezi Juni 2000 mradi ukasimamishwa.

Ukitaka kuona palipooza, angalia punguzo moja la bei. Kwa kukimbizana na hofu ya kompyuta kukwama mwaka 2000, sehemu za mfumo ziliwekwa bila kuunganishwa vizuri. Mtu wa mauzo anampa mteja punguzo na kuliingiza kwenye mfumo mpya. Mteja analipa kiasi walichokubaliana. Upande wa kudai madeni haulioni punguzo lile, kwa hiyo ankara inaonekana imelipwa nusunusu, na mteja mwaminifu anageuka mdaiwa. Hapa mkakati ulikuwepo, fedha zilikuwepo (mradi mzima ulipita dola milioni 200), na programu ilikuwa ile inayosifiwa na wote. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa mauzo na mmoja wa madeni kuketi pamoja na kufuatilia ankara moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hata hivyo mradi haukufa. Ulipangwa upya ukaendelea, na kufikia 2002 kampuni ilikuwa inadai umeokoa dola milioni 325, sehemu kubwa ikitokana na utabiri bora wa mahitaji. Ndiyo maana kila upande huutumia kama ushahidi wake. Nao makao makuu Uswisi, chini ya mkuu wa Nestlé yote, Peter Brabeck, hawakungoja vumbi litulie. Mwaka huo huo wa 2000 walitia saini na SAP mkataba wa takriban dola milioni 200, pamoja na nyingine milioni 80 za ushauri na matengenezo, ili kuupeleka mpango kama huo dunia nzima kwa jina la GLOBE. Kwa kampuni iliyojivunia kwa miongo mingi kuziachia nchi zijiamulie mambo yao, hayo yalikuwa mapinduzi ya kiutawala yaliyovishwa joho la teknolojia.

Kuna wanaodhani dawa ni kinyume chake: programu ndiyo iiname, kampuni ibaki na desturi zake. Kisa cha Lidl kinawajibu. Lidl ni muuzaji wa rejareja, si mtengenezaji, lakini funzo linavuka mpaka huo. Ilizoea kuthamini bidhaa za ghalani kwa bei ya kununulia, wakati programu iliyonunua ilijengwa kuthamini kwa bei ya kuuzia. Lidl haikutaka kubadilika, ikaamua programu ibadilishwe. Miaka saba baadaye, mwaka 2018, mradi uliachwa, na gharama iliyotajwa ni kama yuro milioni 500. Nestlé ya Marekani iliwakunja watu wafuate programu bila kuwauliza. Lidl iliikunja programu ifuate watu bila kuwauliza kama desturi yao bado ina faida. Sioni tofauti kubwa. Kote kuwili hakuna aliyekaa kupambanua lipi katika namna ya kufanya kazi ni mkakati na lipi ni mazoea tu.

Kuhusu muda nitasema kwa kifupi, maana somo lake liko wazi ila halisomwi. Hershey, mtengenezaji wa chokoleti wa Marekani, iliubana mradi wa mifumo wa miezi 48 ukawa wa miezi 30, ikawasha mifumo mitatu kwa mpigo mwezi Julai 1999, msimu wa oda za Halloween ukiwa unaanza. Ilishindwa kufikisha peremende na chokoleti za dola milioni 100 hivi, na faida ya robo ile ikashuka kwa asilimia 19. Karibu miaka ishirini baadaye, Revlon, kampuni ya vipodozi, nayo iliwasha mfumo mpya kwenye kiwanda chake cha Oxford, North Carolina, ikakwama kutimiza oda za takriban dola milioni 64 mwaka 2018. Hakuna mkakati wa uuzaji unaosema tukose bidhaa rafuni wakati wateja wanazitaka. Ratiba ya mradi iliachwa ishinde kalenda ya biashara, basi.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wa mfumo mmoja iko kwingine. Ulinganifu una hatari yake. Mwezi Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipoenea, Mondelez, kampuni ya biskuti na chokoleti, iliharibikiwa na seva zipatazo 1,700 na kompyuta mpakato 24,000. Reckitt Benckiser, kampuni ya Uingereza ya bidhaa za usafi na afya, nayo ilikadiria kupoteza mapato ya pauni milioni 100 hivi. Kwa haki, kirusi kilianzia kwenye programu ya hesabu za kodi iliyotumika Ukraine, kisha kikaenea kupitia mitandao ya kompyuta, si kupitia mifumo ya aina ya SAP, na kampuni yenye mifumo chakavu iliyotawanyika huenda ingeumia vilevile. Lakini mantiki ni ngumu kuikwepa: ukiunganisha kila kiwanda na kila ofisi ili taarifa zipite bila kizuizi, unachokiunganisha ni pamoja na njia ya maafa. Waliopiga hesabu ya faida za kuunganisha mara nyingi waliisahau safu hiyo.

Halafu kuna suala la umri. Mkakati huishi miaka michache, mfumo huishi miongo. Durk Jager alishika uongozi wa Procter & Gamble Januari 1999 na mpango mkubwa wa kuipanga kampuni upya. Kufikia Juni 2000 alikuwa ameondoka, baada ya bei ya hisa kuporomoka. Lakini kitengo cha pamoja cha huduma kilichoanzishwa chini ya mpango wake, kikikusanya uhasibu, mishahara na TEHAMA, kilibaki, na mwaka 2003 kampuni ikaikabidhi Hewlett-Packard sehemu ya kazi hizo kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola bilioni 3. Mwenye mkakati alidumu miezi 17. Sasa mfumo ungeoanishwa na nini hasa, na maono ya bosi au na kazi zinazofanyika bila kujali bosi ni nani?

Siku hizi swali hilo ni kali zaidi, kwa sababu mtindo umegeuka kutoka kuungana kwenda kugawanyika. Kellogg iligawanyika kuwa kampuni mbili Oktoba 2023. Unilever, ambayo katikati ya miaka ya 2000 ilihubiri umoja kwa jina la One Unilever, mwaka 2022 ilijipanga upya katika makundi matano ya biashara, na 2024 ikatangaza kuitenga biashara ya aiskrimu. Mfumo uliosukwa vizuri kiasi cha kutoonyesha aiskrimu inaishia wapi na sabuni inaanzia wapi unakuwa mzigo siku ya kutengana. Kampuni zinazoachana hulazimika kuuziana huduma za kompyuta kwa kipindi cha mpito, kwa sababu tu hakuna anayeweza kuondoka na nusu ya hifadhidata.

Na kama hayo hayatoshi, muuza programu naye ana mkakati wake. SAP imetangaza kwamba matunzo ya kawaida ya toleo lake la zamani yataisha 2027, na atakayelipia zaidi ataongezewa hadi 2030. Kwa hiyo kampuni nyingi zinazosema zinafanya "mageuzi ya kidijitali" zinatii kalenda ya mtu mwingine. Si kosa kuitii. Kosa ni kuipamba kwa jina la mkakati.

Mimi nasimama wapi? Kwenye taarifa zenyewe, sina huruma na wapenda uhuru. Msimbo, yaani namba ya utambulisho, wa malighafi, wa bidhaa, wa mteja na wa muuzaji uwe mmoja dunia nzima, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kuukataa msimbo wa pili. Manunuzi na hesabu za fedha vifuate hapo hapo. Hakuna ladha ya mlaji inayolindwa kwa kuwa na leja tisa. Lakini kadiri unavyosogea kuelekea duka na mnunuzi, ndivyo utaratibu mmoja unavyopoteza maana. Namna wauzaji wanavyozungukia maduka, wanavyotoa mkopo na wanavyopanga punguzo ni vitu vinavyotofautiana kwa sababu za kweli. Sheria nazo hutofautiana: Brazili hudai ankara ya kielektroniki iidhinishwe na mamlaka ya kodi kabla mzigo haujatoka, na hakuna kiolezo cha makao makuu kitakachoibishia serikali. Hapo nchi zipewe vifaa vyao, kwa sharti moja tu, kwamba vinazungumza kwa misimbo ile ile.

Msimamo huu una gharama. Vifaa vya nchi vikiwa vingi, kuvitunza ni ghali na kuvilinda ni kugumu, na kila msimamizi wa nchi atadai kwamba soko lake ni la pekee. Wengi wao watakuwa wanasema uongo. Wachache watakuwa wanasema kweli, na kuwatambua kunahitaji mkuu wa TEHAMA anayeijua biashara, aliyekuwepo mkakati ulipokuwa unajadiliwa, siyo aliyeitwa baada ya mkataba kusainiwa ili atekeleze.

Lakini upinzani wa nchi mara nyingi hauna uhusiano na teknolojia. Akiba inayotokana na mfumo mmoja huonekana kwenye vitabu vya makao makuu, kwenye mstari wa manunuzi ya dunia. Vurugu ya kuuweka huonekana kwenye mauzo ya nchi, katika robo ile ile ambayo msimamizi wake anapimwa na kulipwa bonasi. Mtu huyo akiuchelewesha mradi, anafanya hasa kile alichoajiriwa kufanya. Kampuni inayotaka ashirikiane nayo ingeanza kwa kuliondoa lengo lake la mauzo la mwaka huo, au walau kulipunguza kwa maandishi, kabla haijamtumia mshauri hata mmoja.