Madigadi ya mbele kwanza

Kila masika naona jambo lile lile: watu wanaotegemea baiskeli kwenda kazini, shuleni na sokoni wanafika wakiwa na mstari wa tope mgongoni, viatu vimeloa chapachapa, suruali imechafuka hadi magotini. Baiskeli zenyewe ni nzuri, za gia, zenye shokapu mbele, nyingine bado zinang'aa. Lakini hazina madigadi. Kwangu mimi baiskeli ya kazi isiyo na madigadi haijakamilika, na anayekuuzia hivyo akupunguzie bei.

Haikuwa hivi zamani. Phoenix, Raleigh na Swala zilikuja na madigadi za chuma, mbele na nyuma, na nyingi ya nyuma ilikuwa na mkia mweupe ili mwenye gari akuone gizani. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele, nazo huja na madigadi zake. Uholanzi, ambako watu huenda kazini kwa baiskeli hata mvua ikinyesha, baiskeli ya kawaida ya mjini huuzwa nazo. Hizi za gia zilianza kama baiskeli za kuteremkia milima kwa michezo, kule California katika miaka ya 1970. Sisi tumezichukua, tukazipakia magunia ya mkaa, madumu ya maziwa na watoto wa shule, bila kuzirudishia kitu ambacho kazi hizo zinakidai.

Anayeamua kununua, mara nyingi huanzia nyuma. Huchagua kile kipande kifupi cha plastiki kinachobanwa kwenye bomba la kiti, basi, kamaliza. Kipande hicho hukinga makalio na sehemu ya mgongo tu. Mzigo kwenye keria unaendelea kurushiwa tope, na anayekufuata nyuma anaoga maji yako.

Mimi nasema ukiwa na fedha ya madigadi moja tu, funga ya mbele. Tairi la mbele ndilo linalorusha tope kwenye viatu vyako, kwenye pedali na kwenye cheni. Tope letu lina mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi unasaga cheni, unasaga meno ya gia, na ukipenya kwenye gololi za pedali utausikia ukilia kila unapokanyaga. Tazama baiskeli yoyote iliyotembea kwenye mvua bila madigadi ya mbele: tope limeganda sehemu ile ile, chini kwenye makutano ya fremu, pale pedali zinapopita. Gharama ya kubadilisha cheni na gia ni kubwa kuliko ya madigadi, na maumivu hayo humpata zaidi yule ambaye baiskeli ndiyo ajira yake.

Kwenye kuchagua, watu huuliza saizi ya gurudumu tu. "Nipe ya 26." Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. La baiskeli ya Kijapani mara nyingi limeandikwa 37-590, la baiskeli ya gia 50-559. Yote mawili huitwa 26, na kwa mzunguko wa nje yanakaribiana sana, ila namba ya kwanza ndiyo upana kwa milimita. Ukiivisha tairi la 50 madigadi iliyotengenezwa kwa tairi la 37, kingo zitagusa mpira au tope litapita pembeni kama kawaida. Madigadi iwe pana kuliko tairi kwa milimita 10 hivi. Tairi la 50 litafutie ya 60, na usikubali kuambiwa itanyooka yenyewe.

Chuma kinadumu na fundi yeyote anaweza kukichomelea, lakini kinaliwa na kutu kwa ndani, pale tope linapokaa siku nzima. Plastiki haipati kutu, ila ile nyembamba hukakamaa kwa jua na kupasuka kwenye tundu la bolti. Kwa barabara zetu za vumbi na makorongo nachagua chuma, nakipaka rangi upande wa ndani kabla ya kufunga, na baada ya mvua nakimwagia maji humo humo ndani, siyo juu tu panapoonekana.

Kufunga ndiko kunakoharibu madigadi nyingi. Fundi mwenye haraka hukaza bolti ya juu kwenye uma, anavuta vyuma vya pembeni hadi kwenye ekseli, anakaza nati, amemaliza. Baada ya wiki inapiga kelele kama debe, na mwenye baiskeli anaing'oa kwa hasira. Hakikisha kwanza gurudumu limekaa katikati ya uma, maana likiwa limeinama utalaumu madigadi bure. Kata kipande cha tyubu kuukuu, kitoboe, kiweke kati ya madigadi na chuma cha baiskeli kila panapopita bolti. Hicho ndicho kinachoua kelele. Kichwa cha bolti kielekee kwenye tairi na nati ikae nje, ili ncha ya bolti isije ikachana mpira. Kaza nusu, zungusha gurudumu taratibu, angalia nafasi kati ya mpira na madigadi: ipitishe kidole, na iwe sawa mwanzo hadi mwisho. Ndipo ukaze kabisa.

Baiskeli yenye shokapu mara nyingi haina tundu la kufungia vyuma vya pembeni. Hapo mpira wa tyubu uliokatwa mwembamba na kuzungushwa kwa kuvutwa sana unashika vizuri kuliko waya, na haukwaruzi rangi. Ila chunga jambo moja la hatari: kijiti kikinasa kati ya tairi la mbele na madigadi ya plastiki nyembamba, kinaikunja, gurudumu linafunga ghafla na wewe unaruka juu ya usukani. Kuna madigadi ambazo vishikio vyake vya mbele vina klipu zinazofyatuka zikivutwa kwa nguvu. Ukizikuta, lipa hiyo nyongeza.

Kisha ongeza raba chini ya madigadi ya mbele. Watengenezaji wengi huikata fupi mno, inaishia juu ya ekseli, wakati tope la viatuni linatoka chini zaidi. Kata kipande cha dumu la mafuta au raba ngumu, kipana kidogo kuliko madigadi, kifungwe kwa bolti mbili, kishuke hadi kibaki kama upana wa kiganja kutoka ardhini. Wapakia abiria wamekuwa wakining'iniza raba hizo miaka mingi na kuziandika maneno, na wengi huziona pambo. Ni sehemu inayofanya kazi kubwa kuliko bati lenyewe.

Kuna mahali ambapo sitabishana na mtu aliyezivua: kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ule hauruki, unanata. Unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma, na unabaki kuubandua kwa kijiti kila baada ya hatua chache. Anayepita huko kila siku aache nafasi ya vidole viwili au hata vitatu, au azivue masika na kuzirudisha mvua zikipungua.

Wauzaji wa baiskeli nao wawe na madigadi za upana tofauti dukani, na wazifunge kabla mteja hajalipa. Na mteja aizungushe ile ya mbele kwa mkono wake, palepale, asikilize kama inagusa.