Jinsia ni mbili, lakini "katika muktadha wa jamii"

Julai 8, 2025, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) walitoa hati za kuwakamata Haibatullah Akhundzada, kiongozi mkuu wa Taliban, na jaji mkuu wake, Abdul Hakim Haqqani. Kosa wanalotuhumiwa ni kuwaandama wanawake na wasichana wa Afghanistan kwa misingi ya jinsia. Majaji hawakuishia hapo: waliwataja pia watu ambao mwenendo wao wa kijinsia au kimapenzi ulikwenda kinyume na sera ya Taliban.

Ubishi ni kama neno "jinsia" linawagusa pia mashoga na wengine kama hao, na uko kwenye ibara ya 7 ya Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha ICC. Inasema jinsia ni mbili, ya kiume na ya kike, "katika muktadha wa jamii". Ni maneno ya maridhiano, kila upande ukasoma ulichotaka. (Na sisi je? Wasomi hutenganisha jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpa mtu. Magazetini neno ni moja tu.)

Wanaopinga wana hoja nzito. Ibara ya 22 inataka kosa litafsiriwe kwa ufinyu, na penye utata anufaike mtuhumiwa. Mashoga hawakutajwa, basi majaji wasiwachomeke. Ila hoja hiyo inamkagua aliyeumizwa, wakati kosa hili liko kwenye nia ya aliyeumiza. Mwanamume anayechapwa viboko kwa kutembea "kama mwanamke" anachapwa kwa jinsi jamii inavyotaka mwanamume awe. Muktadha wa jamii ndio huo.

Kukaa kimya kulishajaribiwa. Wafungwa walioshonewa pembetatu ya waridi, alama ya mashoga, katika kambi za Wanazi hawakupata kesi yao Nuremberg, walikohukumiwa viongozi wa Kinazi baada ya vita, na Ujerumani Magharibi iliendelea kutumia kifungu kilekile cha 175, kilichoharamisha ushoga wa wanaume, kama Wanazi walivyokikaza, hadi 1969.

Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga je? Nchi hiyo ni mwanachama wa ICC, na sheria yenyewe ina kifungo cha maisha, hata kifo. Hapo nasita. Ili kuwe na kosa dhidi ya ubinadamu, Mkataba unadai shambulio dhidi ya raia, lililoenea au la kimfumo. Sheria kali peke yake haijafika huko. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Kampala ilifuta wajibu wa kuripoti washukiwa na adhabu kwa mwenye nyumba anayewapangisha, ikaacha adhabu ya kifo. Atakayepeleka kesi The Hague, makao ya ICC, atahitaji zaidi ya nakala ya sheria: milango iliyovunjwa, waliokamatwa, na aliyetoa amri.