Gari Linaweza Kugeuza Usiku Huohuo, Dereva Hawezi

Mwulize dereva wa basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam anaendesha gari gani, atakutajia namba zake kabla hujamaliza swali. Gari amekabidhiwa yeye. Anajua breki zinavyoshika na tairi lipi lilizibwa lini. Sasa wapo wenye mabasi wanaotaka ofisi ipange: leo gari hili, kesho lile, keshokutwa upumzike. Madereva wanausikia mpango huo kama kunyang'anywa gari.

Malalamiko yao yana msingi. Gari linaloendeshwa kwa zamu na madereva watano halina mwenyewe. Anayelirudisha na klachi inayoteleza hasemi, na anayelichukua alfajiri ndiye anayelaumiwa likifia njiani. Kitufe cha utambuzi ambacho LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, inawataka madereva wakitumie kwenye mfumo wa kufuatilia mabasi kitaonyesha nani alikuwa kwenye usukani mwendo ulipozidi, ila hakionyeshi nani aliyeimaliza klachi. Hapo inahitajika fomu ya makabidhiano, na fundi akague gari madereva wote wawili wakiwapo.

Lakini tuipigie hesabu njia yenyewe. Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Hata lingeshika 80 tangu stendi hadi stendi, bila kupakia Mingoyo, bila matuta, bila foleni ya Mbagala, hizo ni saa 7 kamili. Hakuna basi linalokwenda hivyo. Tuseme limetoka saa 12 asubuhi na kufika saa 10 jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi, kwa kawaida, saa 12 mfululizo za mapumziko kabla ya kurudi kazini, kwa hiyo za dereva huyu zinaisha saa 10 alfajiri. Gari, likishafagiliwa na kujazwa mafuta, liko tayari saa 2 usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, saa 8 hizo za katikati ni fedha, hasa msimu wa korosho watu wanaposafiri kwa wingi, na tajiri anaziona. Dereva aliyefungwa na gari lake ataamshwa tu. Anayedhani anaitetea kazi yake kwa kukataa zamu, anautoa usingizi wake mwenyewe.

Wengine watasema dereva wa pili yupo. Yupo, na ni lazima awepo safari zikiwa ndefu, lakini usingizi wa kwenye siti ya basi linalotembea haumfanyi mtu awe amelala.

Kuna mpango mwingine ambao huwezekana tu dereva akitenganishwa na gari. Nangurukuru, panapochepuka njia ya Kilwa Masoko, ni karibu nusu ya safari. Basi la Mtwara na la Dar es Salaam yakiondoka pamoja alfajiri, yanakutana maeneo yale kabla ya adhuhuri. Madereva wabadilishane pale: wa Mtwara apande lililotoka Dar, arudi nalo kusini. Kilomita atakazoendesha ni zilezile, ila jioni analala kwake, na saa zake 12 anazipata kitandani. Gharama ipo. Basi moja likichelewa Kibiti, abiria wa jingine wanasubiri juani, na barabara ikikatika kama ilivyokatika Somanga kwa mvua za Mei 2024, mpango wote unavurugika usipokuwa na dereva wa akiba.

Kwa Costa, yale mabasi madogo ya kati ya Lindi na Mtwara, sioni haja ya haya. Njia ni fupi, dereva analala kwake kila siku. Abaki na gari lake.

Kinachonitia wasiwasi kwa mabasi makubwa ni malipo. Kwa dereva anayelipwa kwa safari, siku ya kupumzika ni siku ya kukosa, na zamu inageuka adhabu hata ikipangwa kwa nia njema. Mwenye mabasi anayeitaka ratiba hii atangulize mshahara wa mwezi na mkataba wa maandishi. Akileta karatasi ya zamu peke yake, dereva ana haki ya kung'ang'ania funguo.