Fidia ya Jeraha Si Mshahara

Agosti 2024, Wizara ya Nyumba ya Marekani iliondoa kanuni iliyokuwa ikiwaumiza watu wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia. Mpango wa HUD-VASH huwapa wanajeshi wastaafu wasio na makao vocha za kulipia kodi ya nyumba. Ili ukubaliwe, kipato chako sharti kisizidi kiwango cha eneo lako, na fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi ilihesabiwa kuwa kipato. Aliyepimwa ulemavu wa asilimia 100 alilipwa zaidi ya dola 3,700 kwa mwezi mwaka huo. Kwa baadhi ya majengo ya Los Angeles yaliyotengewa maskini kabisa, fedha hizo zilitosha kumnyima chumba. Kadiri ulivyoumia zaidi, ndivyo ulivyozidi kukosa sifa. Jaji David O. Carter, katika kesi ya wanajeshi hao mjini humo, aliona huo ni ubaguzi.

Jambo hili linatugusa hapa Nakuru. Lanet kuna kambi ya jeshi, na wanajeshi wetu wamekuwa Somalia tangu Oktoba 2011. Wako waliorudi na viungo pungufu. Nayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imeweka mstari wake: nyumba za jamii ni za wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Tuseme mstaafu anapata pensheni ya 15,000 na malipo ya ulemavu ya 7,000. Yote yakijumlishwa, amevuka. Lakini zile 7,000 zina kazi yake: dawa, tuktuk kwa sababu matatu haimbebi na kiti chake, na kijana wa kumsaidia kuoga. Katika ploti moja huku Kaptembwo nimeona kiti cha magurudumu kikifungwa kwa mnyororo kwenye bomba la maji ya mvua kila jioni, kwa kuwa mlango wa chumba ni mwembamba. Mwenyewe huingia kwa kujiburuta. Choo kiko mwisho wa ua, ngazi tatu juu.

Wanaopinga kuiondoa fidia kwenye hesabu ya kipato wana hoja nzito, na sitaki kuipita mbio. Nyumba ni chache mno. Mwanajeshi mstaafu angalau ana pensheni. Mama anayelea mtoto mwenye ulemavu mkubwa huenda tegemeo lake ni shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kila mwezi, tena zikija kwa kuchelewa. Ukimwondolea mstaafu fidia yake kwenye hesabu, anapanga foleni moja na huyo mama, na mmoja wao atakosa. Mfanyakazi anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara kugharamia nyumba hizi ana haki ya kuuliza kwa nini 22,000 za mmoja zihesabiwe 15,000, na zake zihesabiwe zote.

Jibu langu ni kwamba mshahara humpa mtu uwezo mpya, ilhali fidia hujaribu kurudisha uwezo uliopotea, na mara nyingi hairudishi. Wamarekani walipata njia ya kati ninayoiona ya haki: fidia haihesabiwi wakati wa kuamua nani anastahili, lakini huhesabiwa wakati wa kupanga kiasi atakacholipa. Mwenye zaidi analipa zaidi, ila hafukuzwi mlangoni. Hilo linajibu sehemu kubwa ya lalamiko la mlipa ushuru.

Ninapotofautiana nao ni hapa: nafuu hiyo isiishie kwa wanajeshi. Mfanyakazi wa kiwanda cha mbao Elburgon aliyekatwa mkono na msumeno naye analipwa fidia ya kazini. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na yanayofikika, bila kuuliza aliumia akiwa amevaa sare gani. Na hapo foleni na yule mama inakuwa ya haki zaidi, kwani hata zile 2,000 za mtoto wake zitatolewa kwenye hesabu.

Kwa hiyo fomu ya maombi itenge malipo ya ulemavu na mapato mengine, na iulize kama mwombaji anaweza kupanda ngazi. Iulize mapema, kabla nyumba za ghorofa ya chini hazijachukuliwa na waliowahi kulipa amana.