Zimebaki Siku 31

Leo zimebaki siku 31 kabla ya msimu wa besiboli kuanza, nami nimeketi jikoni hapa Chicago nikiwa na koti mwilini na soksi jozi mbili miguuni, naitazama theluji iliyojilaza juu ya gari langu kana kwamba imelipa kodi ya miezi sita. Nimeizoa mara mbili tangu alfajiri, nayo imerudi mara mbili. Mke wangu anasema kwamba mwanamume mwenye mvi hapaswi kuhesabu siku kwa vidole kama mtoto anayengoja Idi, lakini mimi sihesabu kwa vidole, nahesabu kwa kadi, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

Utaratibu wangu ni rahisi. Kila asubuhi huchukua kutoka katika maboksi yangu ya viatu kadi, zile zenye picha za wachezaji wa besiboli ambazo watu hukusanya, ya mchezaji aliyevaa nambari inayolingana na siku zilizobaki, nikaisimamisha mezani kati ya chupa ya chai na kopo la sukari, na hapo ikakaa mpaka kesho yake. Nilianza kwa kishindo na Aaron Judge wa Yankees, timu ya New York, nambari 99, kisha nikakwama kwa wiki nzima, kwa sababu nambari za tisini na themanini huvaliwa na watu wachache mno, hata ikanibidi kuandika 88 nyuma ya risiti ya unga wa ngano na kuisimamisha hiyo. Siku ya 42 niliamka mapema na kuoga kabla ya kuigusa kadi, maana hiyo ni nambari ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika mchezo huu, ambayo tangu mwaka 1997 imewekwa kando, haipewi mchezaji mwingine, kwa heshima yake katika timu zote 30 za ligi kuu. Mke wangu aliponiona nimenawa mpaka viwiko aliuliza kama kuna msiba.

Kwa namna fulani, msiba upo. Mtu asiyeujua mchezo huu hawezi kuelewa jinsi unavyomlea mtu halafu ukamtelekeza. Kila timu hucheza mechi 162 katika msimu, maana yake ni karibu kila siku kwa miezi sita, kwa hiyo unazoea kula chakula cha jioni na watu wale wale, unajua goti la nani linauma na nani hapatani na mwamuzi, mpaka siku moja ya Oktoba wanakunja virago bila kuaga, na wewe unaachiwa baridi na wali.

Ninapolalamika hivi, jirani yangu wa ghorofa ya chini hucheka mpaka akakohoa. Huyu mzee alizaliwa mwaka 1945, ambao ndio mwaka Cubs, timu yetu ya hapa Chicago, walipoingia fainali kwa mara ya mwisho kabla ya 2016, na ubingwa wenyewe walikuwa hawajauonja tangu 1908. Kwa hiyo mzee wa watu aliishi miaka 71 akingoja kitu ambacho hata baba yake alikuwa akikingoja. Mimi nilifika mji huu Oktoba 2016, na wiki tatu baadaye Cubs wakaifunga Cleveland katika mechi ya saba ya fainali, wakawa mabingwa. Siku mbili baada ya hapo nikatoka nje, nikakuta watu wazima wanalia barabarani na mto wa Chicago umetiwa rangi ya buluu, nikampigia simu kaka yangu Tanga nikamweleza kuwa huku timu hushinda, watu hulia, na maji ya mto ni ya buluu. Nilidhani ndiyo kawaida ya kila mwaka. Mzee hajanisamehe hadi leo. Husema kwamba mtu aliyeingia karamuni wakati wa kugawa pilau hana haki ya kulalamikia moshi wa jikoni.

Kaka yangu naye hanihurumii. Tulipozungumza juma lililopita alinitaka nimweleze upya mchezo huo, nikamwambia kuna mmoja anarusha, mmoja anapiga kwa gongo, mwingine amechuchumaa nyuma anadaka, na aliyepiga hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hiyo ni rede ya wazee wenye mishahara. Nilipomwambia kuwa subira imenishinda, alinikumbusha kwamba yeye ni mshabiki wa Coastal Union, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988 na ambayo yeye bado anaingoja iutwae tena. Nami nikamjibu kwa haraka kwamba mwaka huo huo wa 1988 ndipo uwanja wa Cubs, Wrigley Field, uliojengwa mwaka 1914, ulipofungiwa taa za kuchezea usiku. Sijui nilitaka kuthibitisha nini, lakini nilijisikia vizuri kwa dakika moja hivi.

Wanaonishauri nijiliwaze kwa kadi hawajui kwamba kadi ndizo zinazonichochea. Mwezi huu wa Februari ndipo kadi mpya za mwaka huingia dukani, nami nilisimama kwenye foleni ya duka moja katika baridi inayokausha pua, nikanunua pakiti nane kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya kitu kingine ambacho sitakitaja kwa kuwa mke wangu husoma. Nilipozifungua nilipata mrushaji mmoja wa akiba mara tatu. Mara tatu! Mtu ambaye hata kocha wake humkumbuka mara moja kwa wiki, mimi ninaye mara tatu, ananitazama kwa tabasamu lile lile kama mdai. Kadi nzuri kuliko zote zilizotoka siku hiyo, ya kijana anayeanza mwaka wake wa kwanza, ilishikwa na mwanangu mdogo aliyekuwa anakula mahamri, na sasa ina alama ya kidole gumba iliyo wazi kabisa, ya kutosha kumpatia pasipoti.

Kisha kuna maboksi makubwa chini ya kitanda. Katika mnada wa nyumba ya mtu nilinunua kadi elfu nne za miaka ya mwisho ya themanini, nikazibeba ngazi tatu mgongoni, nikiamini kwamba nimesomesha watoto. Baadaye nikaelezwa kwamba miaka ile kila mtu alikuwa ameona kadi za zamani zikipanda bei, kwa sababu kina mama wa Marekani walikuwa wamezitupa, basi wakazinunua kwa wingi na kuzihifadhi, nazo kampuni zikachapisha bila kiasi. Kwa kuwa hakuna aliyetupa, hakuna kilichoadimika. Boksi lenyewe, mzee wa chini aliniambia, lina thamani kuliko vilivyomo, maana linaweza kutumiwa kuhama nyumba.

Mke wangu alipotaka zitoke, nilimsimulia habari ya kadi za kampuni ya Topps za mwaka 1952. Zile zilizobaki bila kuuzwa zilijaza ghala, na mwaka 1960 mtumishi wa kampuni, Sy Berger, akazipakia kwenye tishari na kwenda kuzitupa katika bahari ya Atlantiki, na Agosti 2022 kadi moja tu ya mchezaji Mickey Mantle ya toleo hilo iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Nilitarajia ashike kichwa na kuomba radhi. Badala yake alifikiri kwa utulivu, akasema, "Basi baba watoto, ziwa Michigan liko hapo tu. Tukazitupe hizi zako, za wenzako zipande bei." Tangu siku hiyo nalala juu yake, kwa maana halisi, kwani niliyasogeza maboksi yakakaa chini ya upande wangu wa kitanda.

Katikati ya mwezi zilikuja habari njema, au nilivyodhani: warushaji na wadakaji wameripoti kambini. Hutangulia wao, wengine hufuata baada ya siku chache, kama arusi ambayo kwanza wamefika wapishi. Cubs hupiga kambi Mesa, katika jangwa la Arizona, ambako wakati huu watu huvaa mikono mifupi. Nilimwita mke wangu aje kutazama video ya nusu dakika, wanaume wawili wakirushiana mpira taratibu juani.

"Wanafanya nini?" akauliza.

"Wanarushiana mpira."

"Halafu?"

"Basi. Wanarushiana."

"Na machozi hayo ni ya nini?"

Nikamwambia ni kitunguu, ingawa siku hiyo tulikuwa tunakula mabaki.

Sasa zimeanza mechi za majaribio, na hizo zinaniumiza zaidi, kwa kuwa matokeo yake hayahesabiwi. Nyota hupiga mara mbili, akaenda zake kuoga, na mahali pake huingia kijana mwenye nambari kubwa mgongoni kama ya mbio za marathoni. Nimejikataza kufurahi. Hata hivyo juzi mmoja wao aliupaza mpira ukapita ukuta, nikaruka, nikagonga taa ya jikoni, na mzee wa chini akagonga dari yake kwa fimbo. Alidhani nimerudia kosa la Aprili 2017, nilipokuwa sebuleni kwake na kofia yangu ya Cubs, tukimtazama mrushaji wetu Jon Lester akirusha dhidi ya Pittsburgh, akaingia upande wa Pittsburgh Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza katika ligi kuu, na mara ya kwanza tu kushika gongo akaupiga safi mpira wa Lester na kufika kituoni. Nilishangilia peke yangu, nimesimama juu ya zulia la watu. Nilinyimwa kahawa mpaka Juni.

Narudi kwenye leo. Nambari 31 katika Cubs imewekwa kando kwa ajili ya warushaji wawili, Ferguson Jenkins na Greg Maddux, nami kwa bahati ninazo kadi za wote wawili. Asubuhi nimewasimamisha pamoja kando ya chupa ya chai, nikatangaza mbele ya familia kwamba kwa kuwa kadi ni mbili, siku zilizopita ni mbili, na kwa hiyo kesho tutakuwa kwenye 29.

Mke wangu alizichukua zote mbili, akazitazama mbele na nyuma, akazirudisha mezani moja juu ya nyingine.

"Jenkins ni wa asubuhi," alisema. "Maddux ni wa jioni. Kamalizie theluji."