Ulizeni watoto wakati skripti bado iko kwa penseli

Wacha nianze na kitu kilinikera. Kuna kikundi fulani hapa Kisumu, sitakitaja, kilitangaza shoo ya familia nzima na kwa posta ya tangazo wakaandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba imetengenezwa na watoto wa shule ya msingi. Nikaenda, nikalipa, nikakaa mbele. Watoto wakatoka dakika ya kwanza, wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni, wakapiga makofi ya kilo, wakaondoka, na hatukuwaona tena mpaka mwisho waliporudishwa kupungia watu mkono. Nje nikapata mmoja anakula smoki, nikamuuliza kama ni wao walitunga ile stori. Akaniangalia tu. "Sisi tulifundishwa wimbo Alhamisi."

Alhamisi, na shoo ilikuwa Jumamosi.

Mimi nimekaa nyuma ya pazia miaka kumi na kitu, kupanga vifaa, kuita waigizaji, kukimbizana na fundi wa laiti ambaye simu yake huzima tu siku ya shoo, na nimefika mahali naona hii maneno ya "tumehusisha watoto" imekuwa kama kuweka picha ya mtoto anacheka kwa pakiti ya unga. Inauza lakini haibadilishi unga. Mtoto akiitwa wakati kila kitu kimeshaamuliwa, hakuna kitu chake hapo, hata mkimvalisha tisheti ya kikundi.

Najua si rahisi maana sisi wenyewe tulijaribu na tukakosea, nitafika huko.

Tulikuwa tunafanya hadithi ya Simbi Nyaima. Kwa wale hawajui, Simbi ni kale kaziwa kadogo ka maji ya chumvi karibu na Kendu Bay, upande wa Homa Bay, mahali flamingo hushuka. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, siku moja watu wanakunywa na kucheza, bibi mmoja kizee akaja amechoka na baridi akawa anafukuzwa kila mlango, mama mmoja tu ndiye alimkaribisha akamwambia ahame na watu wake, halafu mvua ikanyesha kijiji chote kikazama. Mwandishi wetu alikuwa ameshaandika kurasa 31, safi, zimechapwa. Tukapeleka kwa watoto 24 wa Gredi ya 4 na ya 5 katika shule moja ya huku Manyatta, baada ya masomo, ile saa ya michezo, tukawasomea.

Kijana mmoja nyuma akainua mkono. "Na watoto wa hicho kijiji walikuwa wapi?"

Mwandishi akasema walikuwa wamelala.

"Kwa hivyo walizama wakiwa wamelala na si wao walifukuza huyo dani?" Dani ni nyanya kwa Kijaluo.

Nyinyi semeni, mngejibu nini hapo? Kabla hatujapata la kusema msichana mwingine, mwembamba, sauti ndogo, akasema kwanza hiyo haiwezi kuwa kweli kwa sababu kwao mgeni akibisha usiku anayetumwa kufungua mlango ni mtoto, mama akiwa ndani anasema kwa sauti ya chini, mwambie sijafika. Darasa lote likaanza kucheka, kila mmoja na yake, wa deni la duka, wa caretaka wa nyumba, wa yule mama wa chama. Hakuna mtoto amekulia hizi ploti zetu hajawahi kutumwa kusema "mama hayuko" na mama yuko nyuma ya pazia la sitting-rumu.

Mwandishi akatoa penseli. Ile shoo ikawa shoo ingine kabisa. Kila mlango ambao bibi alibisha ulifunguliwa na mtoto, mtoto anamwona vizuri, anaona miguu ina matope, anarudi ndani, anarudi tena mlangoni na uongo wa mtu mzima mdomoni. Siku ya shoo mlango wa kwanza watu walicheka sana, wa pili wakacheka, wa nne nilisikia ukumbi umenyamaza mpaka feni inasikika. Hakuna mtu mzima kwa kikundi chetu angefika hapo, na tuko na watu wamesomea hii kitu chuo kikuu.

Na hii si kitu geni. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya nyanya mahali watoto walilala wakisimuliwa hadithi usiku, na hao watoto hawakukaa tu kama viti, walitega vitendawili na wakasimulia zao zamu kwa zamu. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka wa 1977, wakulima na wafanyakazi walioigiza mchezo wa kina Ngũgĩ wa Thiong'o walikuwa wanarekebisha skripti ya hao wasomi, wanasema hapa mmekosea, mzee haongei hivyo, na ile kazi iliuma serikali mpaka leseni ikafutwa Novemba mwaka huo na 1982 ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Kama mkulima aliweza kumsahihisha profesa juu ya maisha ya mkulima, mtoto wa miaka kumi anashindwa na nini kunisahihisha juu ya mtoto?

Sasa kuna mtu atasema, lakini watoto wetu wako na mashindano ya drama. Kweli, na mimi mwenyewe ni zao la hayo mashindano, yalianza 1959 na yametoa waigizaji wengi tunaowaona kwa tivi. Lakini tuseme ukweli, mara nyingi skripti inaletwa na mtu mzima aliyelipwa, dairekta ni mtu mzima, mada imetoka kwa mdhamini, na kazi ya mtoto ni kukariri na kuleta kombe. Nikiwa darasa la sita nilikariri shairi refu la mmomonyoko wa udongo, tulifika mbali nalo, na mpaka leo sijui beti la tatu lilikuwa linasema nini. Hata CBC, ule mtaala wa shule ambao ulikuja na maneno matamu ya mtoto kujifunza kwa kutenda, wazazi mnajua vile huisha, saa tatu usiku uko saiba unaprinti picha ya ng'ombe.

Sehemu ile watu hawafikirii kabisa ni mambo ya uprodyusa, pesa na saa na mlango, wanadhani mtoto ni wa kuigiza tu. Sisi tulikuwa tumepanga Jumamosi saa kumi na mbili jioni, mtu mzima 200, mtoto 100. Tukawaeleza tukidhani ni taarifa tu. Wakakataa yote. Jumamosi karibu nusu yao ni Wasabato wako kanisani, na wale si Wasabato wanafua yunifomu na kuteka maji. Saa kumi na mbili giza linaingia na hakuna mama wa Nyalenda atatembea na watoto wanne usiku kurudi nyumbani. Halafu wakapiga hesabu kwa ubao, mama mmoja na watoto wanne ni 600, ongeza tuktuk kwenda na kurudi, mmoja akasema "hiyo ni unga na sukari na mafuta na chenji." Wakapendekeza tiketi moja ya nyumba, 300, mama aje na wote anaowalisha hata kama si wake. Jumapili saa nane mchana. Mweka hazina wetu alishika kichwa, tukabishana wiki nzima, mwishowe tukakubali, na viti vilijaa mpaka tukatandika mikeka mbele.

Posta nayo waliangalia, sura za waigizaji watano zimepangwa zinatabasamu, wakauliza mbona inafanana na ya mtu anataka kuwa MCA, mwakilishi wa wadi. Ikatupwa. Ile mpya ilikuwa mlango tu, mlango wa mabati, na kajicho kanachungulia.

Msinielewe vibaya, si kila wazo la mtoto ni dhahabu. Walitaka bibi atoke na helikopta. Walitaka kila mtu apewe soda mlangoni. Tulisema hapana, na ya soda tuliwafungulia kitabu cha hesabu wakaona wenyewe kodi ya ukumbi imekula kiasi gani. Kukataliwa na sababu si vibaya, hata waigizaji wakubwa hukataliwa. Pia si kazi ya mtoto kubeba mbao ama kupanda ngazi kufunga laiti, kuna Sheria ya Watoto ya 2022 na kuna akili ya kawaida. Wazazi walitia sahihi, watu wazima wawili kila kikao, chai na mandazi kwanza ndio tuongee, na kila mtoto nyumbani kabla ya giza. Waigizaji walikuwa wa kulipwa, fundi wa laiti wa kulipwa. Mkiona mtu anatumia watoto ili asilipe wasanii, huyo anabana matumizi tu.

Haya, sasa kosa letu. Mwisho wa hadithi watoto walikuwa wamekubaliana kwamba watoto wa kijiji wanamfuata bibi wanatoka, hawazami. Wiki ya mwisho dairekta wetu akapata kitambaa cha buluu, mita 12, kikipeperushwa kinafunika jukwaa lote kama maji, kizuri kusema ukweli, tukabadilisha mwisho wote wakazama. Hatukuwaambia. Tulijiambia muda hakuna. Walipokuja kuangalia rihaso ya mwisho yule msichana mwembamba akaniita pembeni, hakukasirika hata, akauliza tu, "Ticha, nani alibadilisha?"

Nikaanza kuongea juu ya kuheshimu hadithi ya wazee vile inavyosimuliwa. Akanisikiza mpaka nikamaliza. Akasema, "Basi mngetuambia hivyo."

Niliskia aibu ile ya masikio kupata moto. Kwa sababu ndio hiyo hiyo, tulikuwa tumewatuma waseme hatuko na tuko ndani. Tukasimamisha rihaso, tukakaa chini kwa sakafu saa nzima, waigizaji wanaangalia saa, mvua ya ziwa imeanza kupiga mabati hatusikizani vizuri. Yeye ndiye alileta njia, maji yaje kama vile dairekta anataka, kitambaa na kila kitu, lakini mlango mmoja ubaki wazi kwa laiti na ndani kusiwe na mtu. Kila mtu akaenda nyumbani na swali lake. Mama mmoja alinipigia Jumatatu kuniuliza kwani wale watoto walitoka ama hawakutoka, mtoto wake amekataa kulala.

Ya mlangoni nimalizie. Kulikuwa na sheria yao moja ambayo sisi wakubwa tuliogopa, kwamba saa nane ni saa nane, hakuna kungoja mgeni rasmi. Waliiandika kwa manila wakabandika. Mgeni rasmi wetu akafika saa nane na dakika ishirini na watu wake wawili, na mlangoni alikuwa yule kijana wa swali la kwanza, na kitabu cha tiketi na biro sikioni. Nikiwa ndani naona mambo yameharibika, siwezi kutoka, nasubiri kusikia kelele. Hakukuwa na kelele. Baadaye niliambiwa alimwambia, "Karibu mzee, ni 300, viti vimeisha lakini mkeka uko." Mzee akatoa pesa, akavua viatu, akakaa mbele na watoto magoti yamekunjwa, na mlango wa nne ulipofunguliwa nilimwona ameinamisha kichwa anachezea funguo za gari.